Kadi ya seremala: karatasi ndogo iliyomrudisha mteja dukani

Na Mwandishi Wetu, Kigali

BUSANZA haikosi mnunuzi wa samani. Mtaa huu upo sekta ya Kanombe, wilaya ya Kicukiro, upande wa uwanja wa ndege wa Kigali, na kwa miaka ya karibuni umejaa nyumba mpya, yakiwemo maghorofa walikohamishiwa wakazi wa Kangondo na Kibiraro, eneo lililozoeleka zaidi kwa jina la Bannyahe. Anayehamia nyumba mpya hutafuta kitanda kwanza, kisha meza, kisha kabati, na mafundi wanalijua hilo. Fremu za makochi zikianikwa kando ya barabara, hazikai siku nyingi.

Mimi pia nilinunua kabati langu huku. Lilikuwa zuri, la mbao nyekundu ya libuyu, lenye milango mitatu. Fundi alichukua penseli iliyokuwa sikioni, akaniandikia namba yake ya simu nyuma ya ubao, tukaagana kwa furaha. Baada ya miezi kadhaa bawaba moja iling'oka na mlango ukaning'inia. Nikavuta kabati, nikawasha tochi ya simu, nikaisoma ile namba. Haikupatikana. Nilipokwenda kwenye karakana nikakuta pamekuwa duka la vinywaji. Majirani walisema fundi amehama, ila hawakujua amehamia wapi. Hata jina lake kamili hakuna aliyelijua.

Hasara yangu ilikuwa ndogo: bawaba moja na kutwa nzima ya kuzunguka. Lakini niliwaza habari ya mnunuzi aliyetoka Ngara akavuka Rusumo, au aliyetoka Kabale akavuka Gatuna, akaacha kianzio cha vitanda sita na kurudi kwao kusubiri. Ikiwa mimi ninayeishi mtaa mmoja na fundi nimempoteza, yeye atampataje?

Swali hilo ni la zamani. Maseremala wa London walikutana nalo yapata miaka 300 iliyopita, na jibu lao lilikuwa karatasi iliyopigwa chapa, ambayo leo wanahistoria huiita kadi ya biashara. Kadi hizo hutazamwa sana kama mapambo ya kale. Mfanyabiashara akizisoma kwa jicho la kazi, ataona kwamba zilikuwa anwani, orodha ya bidhaa na stakabadhi, vyote kwenye karatasi moja.

Mji usio na namba za nyumba

Mwanzoni mwa karne ya 18 London ulikuwa mji mkubwa wa biashara, lakini nyumba zake hazikuwa na namba. Mwenye duka alining'iniza kibao chenye picha juu ya mlango: simba, taji, kiti, mti, ndege. Mteja aliyeelekezwa dukani hakupewa namba, aliambiwa atafute picha fulani karibu na kanisa fulani. Wasomaji wetu wanaokumbuka namna tulivyokuwa tukielekezana Kigali zamani, kwa msikiti, kwa mzunguko wa barabara au kwa mti mkubwa, wataelewa mara moja.

Kibao kilimsaidia aliyekuwa tayari barabarani, lakini hakikuweza kumfuata mteja nyumbani. Hapo ndipo kadi ilipoingia. Mwenye duka alimlipa mchongaji achore kwenye bamba la shaba picha ileile ya kibao chake, pamoja na jina, mahali na bidhaa. Bamba moja lilitoa mamia ya nakala. Kadi hizo nyingi zilikuwa kubwa kuliko kadi za leo za kutia kwenye pochi, na baadhi zilikaribia ukubwa wa ukurasa wa daftari.

Mfano mmoja unaojulikana sana ni wa mafundi wawili, G. Coxed na T. Woster, waliokuwa na duka karibu na kanisa kuu la St Paul's katika miaka ya mwanzo ya karne hiyo. Karatasi yao iliyopigwa chapa inataja mambo machache tu: majina yao, kwamba duka liko penye alama ya bata-maji mweupe, mkabala wa lango la kusini la uwanja wa kanisa, kwamba wanatengeneza na kuuza makabati, makabati ya vitabu, meza za kuandikia na vioo, na kwamba bei zao ni za kiasi. Hakuna majigambo marefu. Msomaji anamaliza akijua aende wapi, amuulize nani, na atakuta nini.

Karatasi hiyo waliibandika ndani ya samani zenyewe, na ndiyo sababu tunaifahamu hadi leo. Kibao cha bata-maji kilitoweka zamani, lakini karatasi iliyofichwa kwenye saraka ya kabati ilisalimika.

Mambo yaliyokuwa juu ya kadi

Ukizilinganisha kadi nyingi za maseremala wa wakati ule, utaona zinarudia mambo yaleyale.

La kwanza ni jina la mwenye kazi, na kama ni ubia, majina ya wabia. Thomas Chippendale, seremala mashuhuri kuliko wote wa enzi hiyo, alipofungua karakana yake katika mtaa wa St Martin's Lane miaka ya 1750, kadi yake ilibeba jina lake pamoja na la mbia wake, James Rannie, aliyekuwa na mtaji. Mteja alijua anadaiana na nani.

La pili ni mahali. Duka la Chippendale lilikuwa penye alama ya kiti. Miaka ya 1760 vibao vilianza kuondolewa katika mitaa ya London, kwani vilikuwa vizito, vilizuia mwanga na vingine viliwaangukia wapita njia, na nyumba zikaanza kupewa namba. Kadi nazo zikabadilika. Kwa muda, baadhi zilibeba vyote viwili, picha ya zamani na namba mpya, ili mteja wa zamani asipotee na mteja mpya afike.

La tatu ni orodha ya bidhaa na huduma. Maseremala hawakuuza viti tu. Wengi walitengeneza vitanda na mapazia yake, walifunika viti kwa vitambaa, waliuza vioo, walithamini mali ya marehemu, na wengine hata waliandaa mazishi. Orodha hiyo ilimwambia aliyekuja kununua meza kwamba siku ya shida pia anaweza kurudi.

La nne ni lugha ya mteja. Zipo kadi za zama hizo zilizoandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa, kwa sababu mwenye duka alijua wanunuzi wake wanatoka pande mbili za bahari. Katika Rwanda, ambako Kiswahili kiliongezwa kuwa lugha rasmi mwaka 2017, bado ni vigumu kukuta kibao cha seremala kilichoandikwa Kiswahili, ingawa wateja wengi wanaovuka mpaka hukitumia kuanzia salamu mpaka kupatana bei.

Na kuna jambo la tano, ambalo halikuwa mbele ya kadi. Ukigeuza nyingi kati ya kadi zilizohifadhiwa, nyuma yake utakuta mwandiko wa mkono: viti kadhaa, bei kadhaa, tarehe, na sahihi ya kupokea fedha. Mwenye duka alichukua kadi iliyokuwa karibu, akaandika hesabu ya mteja nyuma yake. Kadi nyingi zimetufikia kwa sababu hiyo. Tangazo mtu hulitupa, bali stakabadhi ya fedha aliyolipa huiweka. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mafundi wale waliigeuza kadi yenyewe kuwa daftari.

Seremala aliyeuza ng'ambo

Kwa wasomaji wa gazeti hili, mtu wa kumfahamu zaidi si Chippendale. Ni Giles Grendey, aliyezaliwa mwaka 1693 na kufariki mwaka 1780, aliyekuwa na karakana katika uwanja wa St John's Square, eneo la Clerkenwell, London. Grendey alikuwa mfanyabiashara wa kuvusha. Samani zake nyingi hazikubaki Uingereza.

Mwezi Agosti mwaka 1731 karakana yake iliungua. Taarifa za wakati huo zinasema moto uliteketeza samani za thamani ya pauni 1,000, fedha nyingi sana kwa siku hizo, ambazo tayari zilikuwa zimefungwa kusafirishwa nje asubuhi iliyofuata. Mafundi wa Gakiriro ya Gisozi, soko kubwa la samani la Kigali, hawahitaji kuelezwa uchungu wa habari hiyo. Pale nako moto umewahi kuteketeza mbao, mashine na kazi za wateja zaidi ya mara moja. Randa, vumbi la mbao, vanishi na gundi havijabadilika tabia kwa miaka 300.

Grendey aliinuka tena. Katika miaka ya 1730 na kuelekea 1740 alitengeneza seti kubwa ya viti, meza na makabati yaliyopakwa rangi nyekundu ya kung'aa na kuchorwa kwa dhahabu, kwa mtindo wa kuiga kazi za China na Japani. Seti hiyo ilikwenda Hispania, na takriban miaka 200 baadaye zaidi ya vipande 70 vilikuwa bado katika kasri la Lazcano, kaskazini mwa nchi hiyo, mali ya ukoo wa watawala wa Infantado. Vikauzwa na kutawanyika. Leo vipande vyake vimo katika makumbusho makubwa duniani, yakiwemo Metropolitan ya New York na Victoria and Albert ya London.

Imejulikanaje kwamba ni kazi ya Grendey? Baadhi ya vipande vilikuwa na karatasi yake ndogo iliyobandikwa, yenye jina lake, uwanja wake, mji wake, na maneno kwamba anatengeneza na kuuza kila aina ya makabati, viti na vioo. Angalieni neno moja: London. Muuzaji wa mtaani hana haja ya kuandika jina la mji kwenye bidhaa yake. Huliandika anayejua kwamba bidhaa itafunguliwa mbali, na kwamba atakayeifungua huenda akataka nyingine.

Chippendale hakuwa na mazoea hayo ya kubandika jina. Mwaka 1754 alichapisha kitabu kikubwa cha michoro ya samani kilichompa sifa kote Ulaya, lakini samani zenyewe zilitoka karakana bila jina. Matokeo yake, watafiti wanaotaka kuthibitisha kwamba kiti fulani ni chake hawana budi kutafuta ankara na barua katika majumba ya matajiri aliowauzia. Penye ankara pana uhakika. Pasipo na ankara, wanabaki kubishana. Msemo wetu kwamba chema chajiuza una ukweli, lakini chema kisicho na jina hujiuza bila kumfaidi aliyekitengeneza. Mteja wa pili humwendea mwingine.

Mbao, ushuru na waliobebeshwa gharama

Kadi hizo pia zina hadithi ya mpaka. Maseremala wa Uingereza wa mwishoni mwa karne ya 17 walitegemea zaidi mbao za mti wa jozi. Mwaka 1721 bunge la nchi hiyo lilifuta ushuru wa mbao zilizotoka katika makoloni yake ya Amerika, na mahogani ya Jamaika ikaanza kuingia kwa wingi, ikifuatiwa na ya nchi nyingine za ukanda huo. Katika muda wa kizazi kimoja, mahogani ikawa mbao ya heshima katika kila nyumba yenye uwezo, na ikatajwa kwenye matangazo ya maduka.

Kadi hazikusema nani aliyeikata. Mahogani ile ilikatwa na kuvutwa kutoka msituni na Waafrika waliotekwa na kuuzwa utumwani. Kadi nzuri yenye maua na malaika ilimwonyesha mnunuzi duka, haikumwonyesha msitu. Ni vyema kulikumbuka hilo tunaposifia karatasi hizo, na tunapoulizana leo mbao tunayouziwa imetoka msitu gani, kwa kibali cha nani.

Kwa upande wa ushuru, mfanyabiashara wa Afrika Mashariki anaishi ndani ya habari hiyohiyo ikiwa imegeuzwa. Uingereza ilifuta ushuru wa mbao ili maseremala wake wafanye kazi. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kuanzia Julai 2022, zimeweka kiwango cha asilimia 35 kwa kundi la bidhaa zinazotoka nje ya jumuiya, samani zikiwemo, ili kitanda kilichotengenezwa Kigali, Kampala, Arusha au Nairobi kisipigwe na kile kilichoshuka melini. Hiyo ni nafasi kwa seremala wa Busanza. Lakini kulindwa dhidi ya samani za ng'ambo hakumletei mteja wa Ngara mlangoni. Mteja huyo lazima amjue, na akishanunua, lazima aweze kuthibitisha forodhani kwamba kitanda kimetengenezwa ndani ya jumuiya.

Picha ilipoizidi habari

Karne ya 19 kadi za biashara ziligeuka. Uchapaji wa rangi nyingi ulipokuwa rahisi, hasa Marekani, wachapaji walianza kutoa kadi za picha za kuvutia kwa bei nafuu: watoto, paka, maua, mandhari. Maonyesho makubwa ya Philadelphia ya mwaka 1876 yalizitangaza sana. Watu walizikusanya na kuzibandika kwenye vitabu maalumu nyumbani.

Nyingi kati ya kadi hizo zilichapwa kwa jumla zikiwa na nafasi tupu. Duka la samani lilinunua furushi, likagonga jina lake kwenye ile nafasi. Duka la viatu la mtaa wa pili lilinunua picha ileile. Hivyo picha ikawa haisemi lolote kuhusu kiti kinachouzwa. Mteja aliweka kadi kwa sababu ya paka, si kwa sababu ya seremala. Kuelekea mwaka 1900 magazeti yenye matangazo na kadi za posta vilichukua nafasi, na desturi ile ikafifia.

Ukifungua simu yako leo utakutana na kadi hizo zimefufuka. Picha ya kochi la kifahari inayowekwa kwenye WhatsApp na fundi wa Kigali ndiyo hiyohiyo inayowekwa na fundi wa Bujumbura na wa Mwanza, na huenda hakuna hata mmoja wao aliyelitengeneza. Tusiwalaumu wa leo pekee, maana hata karne ya 18 wachongaji wa kadi waliazima michoro ya watu, na picha nzuri haikuwa ushahidi wa mkono mzuri. Tofauti ni kwamba kadi ya wakati ule ilikuwa na mlango wa kwenda kugonga. Picha ya simu inaweza kuwa na namba tu, na namba huzimwa.

Kwa anayevuka mpaka hatari hiyo ni kubwa zaidi. Wafanyabiashara wengi hubadilisha laini ya simu wanapoingia nchi nyingine. Simu hupotea, na mazungumzo yote ya bei, vipimo na kianzio hupotea nayo. Tena mpaka wenyewe unaweza kufungwa. Kituo cha Gatuna kilifungwa Februari 2019 na kufunguliwa tena mwisho wa Januari 2022, karibu miaka mitatu. Biashara iliyotegemea kuonana uso kwa uso kila juma ilikatika. Aliyekuwa na jina na anwani za mwenzake kwenye karatasi alikuwa na pa kuanzia siku mpaka ulipofunguliwa.

Sisi pia tuna jadi hiyo

Mtu asidhani kwamba kuweka jina la mwenye duka juu ya bidhaa ni jambo tulilofundishwa jana. Mombasa, tangu mwaka 1887, duka la Kaderdina Hajee Essak limeuza kanga zenye alama ya K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla. Kanga hizo zilivuka bahari na bara, na alama ile ikawa ushuhuda wa ubora. Mwanamke anayenunua kanga mbali na Mombasa huweza kusoma pembezoni mwa nguo imetoka kwa nani. Lilikuwa tangazo lisilotupwa, kwa sababu lilikuwa sehemu ya kitu chenyewe, sawasawa na karatasi ya Grendey ndani ya kabati.

Samani zetu ndizo zilizobaki nyuma. Meza nzuri ya mninga au mkongo inaweza kutoka Tabora hadi Kigali, na ya libuyu kutoka Kigali hadi Bukoba, bila hata herufi moja ya kuonyesha mkono ulioitengeneza.

Kadi ya seremala wa leo

Tukichukua somo la kadi za kale na kulileta Busanza, fundi hahitaji bamba la shaba. Wachapaji wa mjini wanaweza kumtolea kadi kwa gharama nafuu ukilinganisha na bei ya kitanda kimoja. Cha kujali ni kitakachoandikwa.

Jina kamili la fundi au la kampuni, pamoja na namba ya mlipakodi, liwe juu. Kisha mahali. Kigali ina bahati ambayo London ya 1720 haikuwa nayo: barabara zake zina alama na namba, KN kwa Nyarugenge, KG kwa Gasabo na KK kwa Kicukiro, ilimo Busanza. Fundi wa Busanza anaweza kuandika barabara yake ya KK, na mgeni akafika bila kuuliza. Akitaka aongeze alama ya jirani inayojulikana, kama walivyofanya wenzake waliobeba picha na namba kwa pamoja.

Namba za simu ziwe mbili, moja iwe ya ndugu au mshirika, ili moja ikizimwa nyingine iitike. Aina za mbao anazotumia zitajwe kwa majina yanayoeleweka pande zote za mpaka, kwa kuwa libuyu la Kigali halijulikani kwa jina hilo kila mahali. Maneno yawe ya Kinyarwanda na Kiswahili. Picha, ikiwepo, iwe ya kazi yake mwenyewe.

Nyuma ya kadi iachwe tupu, kwa sababu ndiyo sehemu ya thamani. Hapo ndipo siku ya kupatana waandike wote wawili: bidhaa gani, vipimo, mbao, bei, kianzio kilicholipwa, siku ya kukabidhi, na nani atabeba hasara kitu kikivunjika njiani. Vipimo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kabati linaloingia vizuri kwenye nyumba ya chini linaweza kukataa kupita kwenye ngazi za ghorofa. Kisha kila mmoja apige picha ya maandishi hayo kwa simu yake.

Kadi hiyo haichukui nafasi ya karatasi za serikali. Rwanda ilianza kutumia mashine za risiti za kielektroniki, EBM, mwaka 2013, na mnunuzi anayevusha samani anapaswa kudai risiti hiyo. Mpakani, bidhaa zilizotengenezwa ndani ya jumuiya na zisizozidi thamani ya Dola 2,000 za Marekani zinaweza kupita kwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachotolewa na maofisa wa forodha palepale kituoni, mradi ziwe katika orodha iliyokubaliwa. Wafanyabiashara wengi wadogo bado hupita njia za panya kwa kudhani cheti hicho ni cha wakubwa. Anayefika Rusumo na risiti, na kadi inayotaja karakana, mji na mtengenezaji, ana maelezo ya kutoa akiulizwa. Anayefika na kitanda na namba ya simu iliyoandikwa kwa penseli atabaki kujieleza.

Kuna watakaosema kwamba biashara ya mpakani hujengwa kwa kuaminiana, na kwamba kumwandikisha mtu ni kumshuku. Karatasi za maseremala wa London zinasema kinyume. Mteja aliyepewa hesabu nyuma ya kadi ndiye aliyejua pa kurudi.

Nani alizitunza kadi hizo mpaka zikatufikia? Mmoja wa wakusanyaji wakubwa alikuwa Ambrose Heal, mwenye duka la samani London, aliyeishi kati ya 1872 na 1959. Alichapisha kitabu kuhusu kadi hizo mwaka 1925, kisha mwaka 1953 kingine kilichoorodhesha maseremala wa London wa tangu 1660 hadi 1840, na mkusanyo wake ukaingia katika Makumbusho ya Uingereza. Hakuwa mwanahistoria wa chuo. Alikuwa mwenye duka aliyejua kwamba jina la fundi ni sehemu ya bei ya kiti.

Kabati langu sasa lina bawaba mpya. Fundi aliyeitengeneza nilimpata karibu na nyumbani, na kabla hajaondoka nilimpa kalamu ya wino. Ndani ya mlango, mahali pasipofikiwa na maji wala kitambaa cha vumbi, ameandika jina lake kamili, namba mbili za simu, barabara yake ya KK, tarehe na kiasi nilicholipa. Ilimchukua dakika mbili. Aliponiuliza kama wateja wengine nao wangependa hivyo, nilimwambia aanze na wale wanaotoka ng'ambo ya mto Kagera.